Ukungu Ulipopanda Barafuni

Kazi yangu ilikuwa kufuta vioo vinavyozunguka uwanja wa barafu. Nimeshafanya kazi nyingi Johannesburg, hakuna iliyozidi miezi michache. Hii niliiomba kwa sababu nilitaka kujua kwa nini barafu haiyeyuki kwenye jiji lenye jua kali namna ile. Wiki hiyo timu za wanawake wa nchi mbalimbali zilikuja kushindana mpira wa magongo wa barafuni.

Kipa wa timu ya hapa alikuwa binti wa miaka kumi na saba. Baba yake alirudi kutoka uhamishoni Tanzania na mke wa Tanga. Mama huyo alikuja kutoka mtaa wa Malvern, mara yake ya kwanza kufika uwanjani, na barua ya ruhusa mkobani. Timu ingesafiri ng'ambo mwezi uliofuata, na bila sahihi yake binti asingekwenda.

"Shikamoo mama," nilimsalimu, maana nilishamsikia akilalamika kwa lafudhi ya kwetu pwani.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuona kama mchezo wenyewe unaua. Akiumia mbele yangu, barua naichana."

Alikuwa akitetemeka ndani ya koti na kanga mbili. "Nje kunachemka, humu jokofu. Hamna mlango wa kufungua joto liingie?"

Kwa sisi watu wa pwani hilo lilikuwa jambo la busara kabisa. Mvua ya radi ya mchana ilikuwa imepita, lami inafuka mvuke. Nikafungua mlango wa pembeni, nikaukwamisha kwa kreti.

Mechi ilipoanza ukatokea ukungu, lakini haukuingia mlangoni. Ulipanda kutoka kwenye barafu yenyewe, hewa ya joto ilipoigusa, ukawafika wachezaji magotini, kisha kiunoni. Wakawa viwiliwili vinavyopita bila miguu. Msimamizi wa uwanja alikimbia kufunga mlango, lakini tulishachelewa. Refa akapuliza filimbi, akawaamuru wachezaji wazunguke uwanja ili upepo wao uuvuruge ukungu. Ndivyo wafanyavyo. Timu mbili zilizokuwa zikigombana zikazunguka pamoja, upande mmoja, bila neno. Helmeti zilichomoza na kuzama. Visu vya viatu vilikwangua barafu kama watu wengi wanaonoa panga.

"Wangu yupi?"

"Hazunguki, mama. Kipa amebaki golini."

Kutoka huko tulisikia: ko, ko. Kimya. Ko, ko.

"Nani anagonga?"

"Yeye. Anagusa nguzo kwa gongo ajue goli liko wapi. Haoni kitu."

Kisha kugonga kukakoma. Tukangoja. Mama akateremka hadi kwenye kioo, akakipiga kwa kiganja. "Mwanangu!"

Alipiga tena, na papo hapo, upande wa pili, glavu kubwa ikatua kwenye kioo mbele ya uso wake, na nyuma yake barakoa ya vyuma.

"Ma, kaa chini. Unaniaibisha." Wiki nzima sikuwahi kumsikia akitamka Kiswahili.

"Mbona ulinyamaza?"

"Nikinyamaza nasikia wanakotokea. Eish, Ma. Kaa."

Glavu ikarudi nyuma, weupe ukaifunika. Baada ya muda: ko, ko.

Mama alikaa, akaikunjua barua juu ya goti.

"Nipe kalamu, haraka, kabla ukungu haujaisha," alisema. "Nikishaona wanavyompiga, mkono hautakubali."

Nikampa. Alitia sahihi bila kuangalia karatasi, macho yake kule golini, ambako bado hapakuonekana mtu.