Jina Langu Kwenye Karatasi ya Wagonjwa

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha. Haya yalinikuta mie mwenyewe, mchana kweupe, na akili zangu zote kichwani. Sinywi pombe, sivuti chochote.

Mie ni fundi friji, nakaa Segerea. Kuna mchezo mmoja ulikuwa umeninogea kweli. Watu wanaficha vikopo sehemu mbalimbali za jiji, simu inakuonyesha ramani, unakwenda kutafuta. Ukikipata, ndani kuna karatasi, unaandika jina lako. Ukitaka kitu kilichomo unachukua, na wewe unaacha chako. Basi. Mtu mzima na ndevu zangu, nachungulia chini ya mabenchi. Mke wangu alikuwa ananiuliza, "We mwanaume, umepoteza nini huko?"

Siku hiyo simu ikanipeleka Temeke, kwenye bustani ya zamani iliyopandwa enzi za mkoloni. Katikati kuna kaburi la chokaa lenye ukuta mfupi. Mwenye mgonjwa huenda pale kuweka nadhiri: anafukiza ubani, anaacha kitu cha mgonjwa wake mpaka apone, na hakiguswi na mtu mwingine. Nilikuwa nalijua hilo? Nilikuwa nalijua, usinitetee. Nimezaliwa Dar hii hii. Lakini mchezo ukishakuingia kichwani, unaona vikopo tu.

Na kikopo nikakiona, kwenye tundu la ule ukuta, kimefungwa kitambaa cheupe. Nikafungua. Kikuku kidogo cha fedha, cha mtoto, na karatasi yenye majina kama saba. Nikaandika langu chini yake kwa mbwembwe, nikaongezea, "Nimefika, raha tupu!" Kikuku nikatia mfukoni, nikaacha stika ya timu yangu.

Kugeuka, kuna bibi anafagia. Kajitanda kanga, ana fagio la chelewa. Nikamwambia shikamoo. Hakuitikia. Akaniuliza, "Na wewe unaumwa nini?"

"Siumwi, bibi."

"Mbona umejiandika?"

Nikachekacheka. Akauliza kama nimeona kikuku. Jamani, mie na ukubwa wangu huu nikasema sijaona! Hapo ndipo nikatazama chini. Fagio linapita, linapita tena, na hakuna jani hata moja linalosogea.

Nilitoka mbio hadi getini. Nikaangalia simu: kikopo cha mchezo kilikuwa upande wa pili kabisa wa bustani, chini ya benchi la chuma. Kwa hiyo nilichofungua mie ni nadhiri ya mtu, na yale majina ni ya wagonjwa. Nikarudi ili nikirudishe kile kikuku. Niamini, nilirudi kwa nia hiyo.

Nikamkuta dada mmoja kapiga magoti, kikopo mkononi, analia. Akaniambia mwanawe wa miaka miwili amelazwa, leo siku ya tisa hajafumbua macho. "Kaka yangu, umeona mtu hapa? Wamechukua kikuku cha mwanangu."

Ilikuwa ni kutoa mkono mfukoni na kusema samahani, basi. Unajua nilifanya nini? Nikamwambia, "Pole sana dada, ngoja nikusaidie kutafuta." Tukatafuta. Mie nimeinama nafukua majani, na kikuku kimo mfukoni mwangu. Mwisho nikakidondosha nyuma ya kaburi, nikapaza sauti, "Hiki hapa!"

Akaishika mikono yangu yote miwili, akaiweka usoni pake, ikalowa machozi. "Mungu akulipe kaka yangu, akuzidishie." Kisha akaifungua ile karatasi. Akasoma jina langu na yale maneno ya kipuuzi. Nikajua sasa nimekwisha. Akasema, "Masikini, huyu naye ana shida yake, labda amechanganyikiwa. Nitamwombea pamoja na mwanangu."

Bibi alikuwa pale pale, kati yetu. Fagio likapita juu ya miguu ya yule dada, hata hakushtuka. Alikuwa hamwoni. Bibi akanitazama, akasema neno moja tu: "Mwambie."

Sikumwambia. Dada akaniuliza jina, nikamtajia la uongo, nikaaga.

Mchezo niliuacha siku ile ile. Lakini tangu hapo, mtu akinishukuru kwa lolote, hata mteja akisema "asante fundi, friji inagandisha", nasikia chelewa zinakwaruza nyuma yangu na ile sauti: mwambie. Mke wangu amenipeleka kusomewa dua, wapi! Hata mbele ya shehe niliona aibu kuisema ile sehemu ya kujifanya natafuta. Na yule mtoto sijui kama alifumbua macho. Nimerudi bustanini mara tatu, mama yake sikumkuta, na kuwauliza watu niliogopa jibu.

Kwa hiyo nyie mnaocheza, chezeni, ila kitambaa cheupe kipiteni mbali. Na ukishakosea, sema hapo hapo, kabla hawajaanza kukushukuru. Wakishaanza, mdomo haufunguki tena.

Na wewe dada wa Temeke, kama bado unaliombea lile jina la mwisho kwenye karatasi, ni langu. Mie ndiye niliyekichukua kikuku, na mikono uliyoiweka usoni pako ndiyo hii iliyokiiba.