Nguo Inakunywa, Dobi Anaangalia

Saa nne asubuhi, na chumba cha dobi kimeshachemka. Pasi inapita juu ya bega la koti jeupe, mvuke unapanda hadi kwenye bati, na mwanamke aliyeishika anajifuta paji la uso kwa kiwiko. Anachukua chupa ya kunyunyizia, anaifinya mara mbili, kitambaa kinalowa na kunyooka.

"Unaona?" anasema bila kuinua macho. "Nguo inakunywa. Mimi naangalia."

Pembeni mwa meza kuna bilauri ya maji iliyofunikwa kwa kisahani. Imejaa tangu alfajiri. Kila baada ya nguo mbili tatu anaitupia jicho, anaisogeza karibu, kisha anairudisha ilipokuwa.

Wateja humwita Mama Mikunjo, kwa sababu hakuna mkunjo uliowahi kutoka salama mikononi mwake. Ana miaka hamsini na mitatu, na kazi hii ameifanya tangu kifungua mimba wake akiwa mgongoni. Zamani alimaliza nguo sitini kwa siku bila kukaa. Siku hizi akifika thelathini anamshukuru Mungu na kutafuta kigoda.

Mwaka jana alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi kwenye ngazi za mlango wake mwenyewe. Hospitali ikamwambia moyo umechoka. Miezi michache baadaye maumivu ya ubavu yalimwangusha hapo hapo mezani, pasi bado mkononi. Hospitali ile ile ikamwambia ana mawe kwenye figo.

Magonjwa mawili angeyabeba, anasema. Ushauri ndio uliomshinda.

Daktari wa moyo, anayemwona Jumatatu, alimwambia apunguze maji: bilauri nne kwa siku, chai ikiwemo. Daktari wa figo, wa Alhamisi, alimwambia anywe mpaka mkojo ufanane na maji yenyewe, bilauri kumi na mbili zisipungue. Wa moyo alisifu mchicha na karanga. Wa figo alisikia mchicha akashika kichwa: huo ndio unaolea mawe.

"Akaniuliza, 'Mama, nani kakwambia ule mchicha?' Nikamwambia ni daktari. Akauliza daktari gani. Nikamwonyesha ukuta, maana mwenzake yupo chumba cha pili."

Jambo wanalokubaliana ni moja tu, chumvi. Wote wawili wameikataza. Na chumvi, jamani, ndiyo aliyokuwa akiipenda.

"Halafu wa moyo kanipa vidonge vya kukojoza," anaendelea. "Kwa hiyo nikimtii wa figo nikanywa, nameza kidonge cha wa moyo niyatoe. Sasa hayo maji yalikuja kufanya nini?"

Mwandishi wa makala haya akamshauri awaulize madaktari wenyewe.

Alishawauliza. Wa moyo alimjibu kwamba moyo hauna subira. Wa figo alimjibu kwamba mawe hayatoki kwa kuombwa. Alipomwomba muuguzi wa mapokezi amkutanishe na wote wawili, aliambiwa kliniki ni mbili na siku ni mbili. Akasema lakini mwili ni mmoja. Muuguzi akaita mgonjwa anayefuata.

Nyumbani nako kumegawanyika. Mumewe, fundi viatu mpole, yuko upande wa moyo, na amefikia hatua ya kuficha jagi. Wifi yake, anayeishi nyumba ya jirani, yuko upande wa figo na huingia kila asubuhi na malimau.

"Kunywa, wifi," husema. "Huyo kaka yangu anabania hata maji ya bomba."

"Nataka mke anayepumua," mumewe hujibu kutoka kwenye viatu vyake. "Wewe ukija na limau lako, njoo na pumzi pia."

Wanacheka wote watatu. Kisha chakula kinaletwa, na kicheko kinakatika. "Siku hizi nakiuliza chakula kwanza," anasema Mama Mikunjo. "Wewe ni wa Jumatatu au wa Alhamisi?"

Alijaribu hata kugawa wiki. Jumatatu hadi Jumatano akamtii wa moyo, Alhamisi hadi Jumapili akamtii wa figo. Jumatano ubavu ukamkunja. Jumapili viatu vilikataa kuingia miguuni, na usingizi aliupata akiwa amekaa.

"Watu husema maji yamewafika shingoni. Mimi yananifika vifundoni, tena nayaona yanavyopanda." Anaacha pasi wima. "Naogopa. Mtu mzima na wajukuu, naogopa bilauri ya maji."

Koti lililo mezani ni la daktari wa moyo. La daktari wa figo linaning'inia nyuma yake, limeshanyooshwa. Mhudumu wa wodi huyaleta kila wiki na kuyafuata Jumatano asubuhi. Yote ni meupe na yana mifuko mitatu, kwa hiyo dobi ameyatia alama ndani ya kola: uzi mwekundu kwa moyo, wa kijani kwa figo.

"Hapo kwenye waya yanakaa bega kwa bega," anasema. "Wenyewe sijawahi kuwaona wamekaa hivyo."

Wiki tatu zilizopita, siku ambayo alikuwa hajanywa kitu na kichwa kinazunguka, aliyafunga makoti kila moja kwenye karatasi ya mwenzake. Ni kosa lake la kwanza la aina hiyo, na alilijua pale mhudumu aliporudi akicheka mpaka machozi. Daktari wa moyo ni mrefu mwembamba. Wa figo ni mfupi, tena mnene wa haja. Wa kwanza alitokeza ukumbini na mikono inayoishia kwenye viwiko. Wa pili alikwama mabegani, hawezi kuvaa wala kuvua.

"Nikamuuliza mhudumu, walikutana?" anasimulia. "Akasema walikutana katikati ya ukumbi, wakacheka, wakavuana makoti. Nikauliza, wakaongea nini? Akasema waliongea mikono. Mikono ya koti! Halafu kila mtu akarudi chumbani kwake."

Kwa mwaka mzima alikuwa akitafuta namna ya kuwaweka watu hawa wawili sehemu moja. Wakawekwa na kosa lake mwenyewe, na yeye hakuwepo.

Jumatano ni kesho, na siku hiyo madaktari wote wawili huwepo. Mama Mikunjo anazima pasi, anakaa kwenye kigoda na kuvaa miwani. Anageuza kola ya koti la kwanza, anakata uzi mwekundu na kushona wa kijani. Kisha anashusha koti la pili alibadilishe vivyo hivyo, ili hata atakayechungulia kola akosee.

Mhudumu ameshaambiwa asije. Safari hii dobi atayapeleka mwenyewe, akae kwenye benchi lililo kati ya milango miwili.

"Lile la kwanza lilikuwa kosa la kichwa," anasema akikata uzi kwa meno. "Hili ni la mkono. Maji nimeshayavulia nguo, lazima niyaoge."

Na wakikasirika? Wakipeleka makoti kwa dobi mwingine?

Anaitazama bilauri, ambayo bado imejaa, na kwa mara ya kwanza leo hajaisogeza.

"Wakasirike," anasema. "Lile jembamba likishamkaba yule bwana mabegani, halivuliki upesi. Mwenzake itabidi amsaidie kulivuta. Hapo ndipo nitasimama mbele yao na bilauri yangu, niwaulize wote kwa pamoja: ninywe, nisinywe?"