Karibu ya Bafuni

Mwalimu mkuu alishaniahidi: mzaha mmoja zaidi, shule basi. Kwa hiyo programu ya kengele niliiandika kwa adabu. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza isiyo na mzaha ndani.

Ina nyuzi tatu, yaani kazi tatu zinazokwenda pamoja: mmoja umekaa bure, mmoja unatazama saa, mmoja unapiga kengele. Unaopiga hushika kufuli ili mwengine usiiguse kengele. Ukibonyeza kuzima, programu hupata ishara, uzi wowote huipokea, huchukua kufuli, huzima. Kwenye laptopu ya binamu yangu wa Mkoani ishara iliangukia uzi uliokaa bure kila mara. Nikaamini dunia nzima iko hivyo.

Kompyuta ya shule mfumo wake wa kuiendesha ni Unix, lakini ya ukoo mwengine. Siku ya mkutano wa shule, mgeni aliyetoka wilayani kainua mikono kuomba dua, kengele ikaanza. Nikabonyeza. Ishara ikauangukia uzi ule ule unaopiga, nao ukasimama kungoja kufuli uliloshika wenyewe. Kengele ikaendelea. Mwalimu mkuu hakuitazama kompyuta. Alinitazama mimi.

"Mwalimu, leo si mimi."

"Kila siku si wewe."

Wakachomoa waya. Nikapewa mpaka Jumamosi niitengeneze, la sivyo niende na mzazi.

Dawa niliikuta kwa bibi. Zamani hodi ikipigwa kwake, alijibu yeyote aliyesikia. Siku moja kaka yangu akaitikia "karibuni" akiwa bafuni. Wakaingia mashangazi wa Mtambile, wakakaa sebuleni kumngoja mwenyeji wao. Taulo la kaka lilikuwa sebuleni, wamelikalia. Wao wanamngoja atoke, yeye anawangoja waondoke. Ikaadhiniwa Alasiri. Tangu hapo bibi kaweka sheria: hodi ikipigwa, wote kimya, anajibu yeye tu, naye hashiki kazi nyengine.

Nikaichukua sheria kama ilivyo. Kabla nyuzi hazijazaliwa, zote nikazizibia ishara. Kisha nikauzaa uzi mmoja zaidi, kazi yake kukaa kungoja hodi, yaani ile ishara ya kuzima. Laptopu ya binamu ikatii. Kompyuta ya shule ikatii.

Jumamosi mwalimu mkuu akaijaribu mwenyewe. Ikalia, akabonyeza, ikanyamaza. Akarudia mpaka akachoka.

"Mzaha uko wapi?"

"Haupo, mwalimu."

Sikufukuzwa. Nimehamishiwa dawati la mbele, ili mzaha ukitokea aushuhudie mwenyewe.