Fundi wa Boti ya Duluti

Fundi aliyeletwa kufunga umeme kwenye boti ya Mzungu mwenye shamba, pale Ziwa Duluti, alikuwa mzee kuliko sisi walinzi wote, na hakumwamkia mtu, alingoja aamkiwe. Waya aliupima kutoka kwenye betri hadi kwenye taa na kurudi tena, kisha akawasha na kuuwekea nyuma ya kiganja. Ukipata joto, alisema ni mwembamba, akautupa na kuchukua mnene. Fyuzi alichagua ndogo, ili iungue yenyewe kabla ya waya.

Hata hivyo fyuzi ya taa ya mbele ikawa inakatika kila asubuhi. Mzungu akaja, akaamuru, "Weka kubwa." Fundi akakataa: "Hapana, Bwana. Kuna kitu kinavuta umeme." Mzungu alipoondoka kwa hasira, fundi alitoa betri akaiweka nchi kavu, akaifungua na taa. Waya ukabaki peke yake chini ya mbao za sakafu, haujaungwa popote. Ukungu wa Julai ulikuwa umefunika ziwa, na vidole vyetu vilikuwa vimekufa ganzi.

"Shika hapa, Sumari," akaniambia, akiinua ubao mmoja na kuushika waya yeye mwenyewe.

Waya ulikuwa na joto, kama shingo ya mtoto aliyelala. Nikatoa mkono haraka. Yeye hakutoa wake. Aliinama kuelekea majini, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiamkia.

"Shikamoo."

Akangoja. Kisha akatikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu aliyeitikiwa, akaanza kukusanya vifaa vyake.