Bakuli la Mtori Lililomshinda Dada

Juzi, kwenye mgahawa mmoja wa Soweto hapa Moshi, dada mmoja aliagiza mtori, ile supu nzito ya ndizi, usio na nyama. Akaula polepole kwa kijiko cha chai, kisha akalisukuma bakuli likiwa halijafika nusu.

Mama mpishi akamsimamia, mikono kiunoni. “Mtori wangu una kasoro gani? Hata mzazi aliyejifungua jana anaumaliza!”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nijibu.”

“Mtamu mno. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, ili nipungue uzito. Leo ndiyo daktari kaniruhusu kula, si kunywa tu.” Akanyanyua mikono kama aliyefunga goli. “Na nimeshiba! Tangu nizaliwe, hakuna bakuli lililowahi kunishinda!”

Mama akapiga kigelegele, mgahawa mzima ukashangilia. Mimi nilichelewa kupiga makofi. Mkononi nilikuwa na mfupa wa sahani ya pili.