Mujikulu wangu alisaini, sasa buku ya bamama haiwezi kutoka mu Swahili

Nyinyi batoto ba masomo wenye kusaini mbele ya kusoma, aibu yenu. Hata creuseur, muchimba madini, mbele ya kushuka mu shimo, anauliza kwanza nani atabeba mifuko ngapi. Nyinyi, na diplome zenu zote, hamuulize kitu.

Admin, ficha jina yangu, lakini maneno yangu usipunguze. Mi ni kambo, bibi wa miaka sabini na mbili, hapa Kolwezi. Masomo niliachia mwaka wa ine wa primaire. Kulima njo najua. Nilimulea mujikulu wangu tangu mama yake alikufa, na leo ni assistante, anafundisha ku université.

Miaka mbili imepita, alitaka kuandika namna sisi bamama tunatambua udongo wenye shaba kwa kuangalia majani yenye kuota pale, tusipande mboga mu sumu. Nikamupeleka mwenyewe kwa bamama ba kikundi yetu ya mashamba. Walikatala. Walisema bantu ba masomo wanakuyaka, wanauliza, wanaenda, hawarudi. Nikasimama katikati yao nikaahidi: hii itarudi, buku ya Swahili, na picha, na majina yenu ndani. Ni kwa neno yangu walifungua kinywa, siyo kwa neno ya mutoto.

Kazi ikatoka mu revue moja, gazeti ya masomo ya inje, kwa Kifaransa. Mutoto akaruka-ruka, ati iko wazi ku internet, hata mutu wa Japon anasoma bure. Nikachinja kuku. Kisha nikamwambia: sasa tafsiri, mvua iko karibu, bamama wanachagua mashamba.

 Siku ya ine akaniletea karatasi yenye alisaini. Haki yote ya ile kazi aliipeana kwa revue. Kusoma, kila mutu anaweza. Kugawa vile iko, sawa. Lakini kutafsiri ao kugeuza, hapana, mpaka revue iruhusu.

"Hata wewe mwenye kuandika?"

"Hata mi, kambo."

Na kumbe ku ile karatasi kulikuwa kisanduku ingine ya kutia alama, yenye ingemuachia haki yake na kuruhusu tafsiri. Hakuiona. Nikamuchapa na maneno mpaka majirani wakafunga madirisha. Nikamuuliza macho yake ilikuwa wapi. Akasema tata profesere mwenye kusimamia kazi yake alimusukumia karatasi mu biro, akamwambia ni formalité, desturi tu, akabakia anamuangalia.

"Kambo, nani alinifundisha kama karatasi ya mukubwa haisomwe mbele yake, ni kama kumuita mwizi?"

Ni mimi. 

Sasa mutoto anataka tudanganye bamama kama kazi haijaisha. Mama mukubwa wa kikundi alishanikuta ku soko, akaniambia mbele ya bantu: "Kambo, mulivuna kwetu, mukajaza ghala ya wengine."  Kuna wenye kusema niwasimulie tu kwa kinywa, hiyo haina kosa. Nitasimulia. Lakini kinywa inasahau, na mi nimezeeka. Niliahidi buku.

Nyinyi wenye kujua sheria ya vitabu, munieleze: ruhusa ya kutafsiri inaombwa namna gani? Na mwenye kusaini anaweza kurudishiwa haki yake? Pole zenu mubakie nazo.

Na wewe mujikulu, najua unasoma page hii. Kesho asubui andikia ile revue, omba ruhusa ya Swahili, na jibu ikuye kwa maandishi. Profesere wako aweke jina yake chini ya yako ku ile barua. Kisha jumapili tutaenda wote wawili kwa bamama, na utasema ukweli kwa kinywa yako. Siku ingine mukubwa akikupa karatasi, vuta kiti, soma mbele ya macho yake mpaka mustari wa mwisho. Akikasirika, umwambie kambo yako njo amekutuma.