Uji wa Kwanza wa Mzee Kengele

Basi halijasimama sawasawa, mzee alishakuwa mlangoni na mjukuu begani, anamuuliza kila aliye karibu hospitali kubwa iko upande gani. Mkewe aliteremka nyuma yake na kapu. Mji huu hawakuujua: barabara pana, maghorofa yamebanana, watu wanatembea kama wanafukuzwa. Muuza magazeti aliwanyoshea kidole bila kuinua macho.

"Nyookeni na ule ukuta mweupe, mzee. Mtaona watu wamejipanga."

Kwao mzee aliitwa Kengele. Alikuwa fundi wa kusubu sufuria: huyeyusha vyuma chakavu, humimina kwenye kalibu ya mchanga, na sufuria ikipoa huigonga kwa kifundo cha kidole na kuitegea sikio. Ikilia, nzima. Ikikohoa, inarudi motoni. Majiko mengi ya kwao yalikuwa na sufuria zake, na watu waliziamini kwa sababu ya uji. Kila fungu jipya lilipotoka, mkewe alichukua sufuria moja, akaisugua kwa mchanga mpaka ikawaka, akapikia humo uji wa familia. Mnunuzi hakuanza na bei. Aliuliza, "Watoto wameshakula?" Akiambiwa wameshakula, alibeba na kwenda zake.

Aliyekula uji huo kuliko wote ni mjukuu wao, ambaye mama yake alikuwa kazini mbali. Aliupenda ukiwa na ndimu nyingi. Walimwita Chiriku, maana mdomo wake ulikuwa haupumziki. Sasa maneno yalikuwa yanampungua. Lilianza tumbo, likimsokota mara kwa mara. Ukafuata ulegevu. Kisha asubuhi moja alinyosha kidole kwenye kikombe, akashindwa kukitaja.

Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliagiza damu ipimwe. Majibu yalipotoka, alifunga mlango kabla ya kusema.

"Nyumbani mnafanya kazi gani, bibi?"

"Babu yake anasubu sufuria."

"Kwa vyuma gani?"

Kengele alijibu mwenyewe, kwa majivuno kidogo. "Vyote, binti yangu. Injini, rejeta, vichwa vya betri. Mimi sibagui."

"Damu ya mtoto ina madini ya risasi, babu. Hayo yaliyomo kwenye betri, na kwenye lehemu ya rejeta."

"Si vyote vinapita motoni? Uchafu gani utabaki mle?"

"Moto hauondoi risasi. Nyingine inabaki kwenye sufuria, nyingine inapanda na moshi na kutua uani kwenu. Huwezi kuinusa. Chakula kichachu kinaitoa haraka, na sufuria ikikwanguliwa sana inazidi kuachia."

Bibi aliitazama mikono yake mapajani. Mchanga, ndimu, mwiko: vyote vilikuwa vimepita humo.

"Atarudi kuwa kama zamani?"

Daktari aliikunja karatasi ya majibu. "Asipoimeza tena, atapata nafuu. Tutampima tena na tena. Lakini kilichokwisha kuharibika, bibi, siwezi kukuahidi."

Waliporudi nyumbani, Bibi aliazima sufuria ya chuma cha pua kwa shoga yake, akazitoa zote za mumewe jikoni. Kengele alikaa kando ya tanuru lililopoa.

"Waambie watu," Bibi alisema.

"Niwaambie nimewalisha sumu? Tutaishi wapi sisi? Rejeta naacha, betri naacha, nitachagua vyuma vizuri. Yaliyopita yamepita."

"Yamepita wapi, mume wangu? Yako majikoni kwa watu. Yanachemka sasa hivi."

Siku ile haikuisha vizuri, na iliyofuata ilikuwa ya kununiana, mpaka mshonaji wa mtaa wa pili alipoingia uani bila hata kungoja karibu.

"Hodi! Kengele, mbona kiwanda kimepoa, umestaafu bila kutuaga? Nataka kasufuria kadogo. Mjukuu wangu ameanza kula." Alikwisha kuokota kamoja kwenye rundo, akakagonga mwenyewe. "Haka kanalia vizuri. Watoto wameshakula?"

Kengele aligeuka. Chiriku alikuwa ameketi kizingitini, anamtazama mgeni bila kumwamkia.

"Ameshakula," alisema. "Ndiyo maana sikuuzii."

"Hee! Bei imepanda, sema tu, usinizungushe." Kisha mshonaji akaona uso wa Bibi, na kicheko kikamkatikia.

Kengele alieleza vibaya, rejeta kabla ya mtoto, daktari kabla ya ugonjwa, lakini alieleza. Mshonaji aliishusha sufuria chini taratibu kama inayounguza.

"Na ile kubwa uliyomuuzia binti yangu? Amepikia mimba nzima." Alimsogelea. "Kengele, wewe mtu mbaya au mjinga tu?"

"Mjinga."

"Basi wapelekee na wengine huo ujinga wako leo hii. Nikiwafikia mimi kwanza, hutapenda nitakavyosema. Na wamwambie daktari awapime watoto." Aliondoka bila kuaga.

Kengele aliutoa mkokoteni nyuma ya nyumba, akafuta mpini kwa shati lake.

"Nianzie wapi?"

"Kwa wenye watoto wadogo," Bibi alisema. "Twende wote, mimi ndiye niliyekoroga."

"Na huyu abaki na nani?" Alishika mpini. "Watanitukana."

"Watakutukana."

Alitoka langoni akisukuma mkokoteni mtupu wa kukusanyia sufuria zake, mabega yameinama, akapinda kona ya kwanza bila kugeuka. Bibi alichota maji, akaanza kumwagia ua wote ili vumbi lisipande atakapofagia, akamwonyesha Chiriku akae ndani kwanza. Kutoka chini ya mtaa sauti ya mwanamke ilipanda, halafu ya pili juu yake. Alisimama kusikiliza, asishike neno hata moja. Kisha akaenda kujaza ndoo nyingine.